Kupima sakafu ya fuvu la mtoto kwa picha: maswali tunayoulizwa mara kwa mara Mbeya na Nyanda za Juu Kusini

Mimi ni mpiga picha za hospitali, hapa Mbeya. Cheti kinasema radiografa. Watoto wananiita "dokta wa mashine" na sijawahi kuwasahihisha. Maswali haya nimeyaokota kwenye benchi la kusubiria: kwa akina mama waliopanda basi alfajiri kutoka Makete na Tukuyu, kwa akina baba wanaouliza wakiwa wamesimama mlangoni, na kwa wanafunzi wanaotafuta mada ya tasnifu. Sikuyapanga kwa ukubwa. Yamekaa jinsi yanavyokuja.

Sakafu ya fuvu ni kitu gani? Si ndiyo hapo kisogoni?

Kisogo unakipapasa kwa mkono. Sakafu ya fuvu haipapasiki. Ni upande wa chini wa fuvu, ule ambao ubongo umeukalia. Wengine huuita kitako cha fuvu.

Ukilitazama fuvu lililokatwa juu kama boga, utaona ndani mwake sakafu haikulala bapa. Imeshuka kwa ngazi tatu, kama shamba la matuta kwenye miteremko ya Uporoto. Ngazi ya juu iko nyuma ya paji la uso, juu ya macho. Ya kati imebeba pande za ubongo zilizo karibu na masikio. Ya chini kabisa ndiyo yenye tundu kuu, mahali ubongo unaposhuka na kuingia kwenye uti wa mgongo. Katikati ya ngazi hizo kuna kishimo kinachoitwa sela, na ndani yake imekaa tezi ya pituitari, ndogo kama punje ya njegere, inayoamuru kimo, balehe na maziwa ya mama. Mishipa ya damu iendayo kwenye ubongo, na mishipa ya fahamu ya macho, uso, masikio na ulimi, inapenya kwenye vitundu vya sakafu hiyo hiyo.

Uso nao umening'inia chini yake upande wa mbele. Ndiyo maana sakafu ikiwa fupi au imejikunja kupita kawaida, daktari wa meno anakuwa wa kwanza kuligundua jambo ambalo chanzo chake hakimo kabisa mdomoni.

Utosi wa mwanangu umeshafunga. Si ndiyo kusema kichwa kimemaliza kukua?

Hapana, na swali hili ndilo lenye utamu wote wa jambo hili, kwa hiyo niruhusu nirefushe.

Utosi wa mbele kwa watoto wengi hufunga kati ya miezi 12 na 18, wengine mpaka wanafika miaka 2. Utosi ni pengo la paa. Mifupa ya paa la fuvu hutengenezwa ndani ya utando; ubongo unapokua unaisukuma nje, na kingo zake zinajaziwa mfupa mpya. Sakafu ina utaratibu wake. Inaanza ikiwa gegedu, kitu kile kile unachokitafuna kwenye ncha ya mfupa wa kuku, kisha gegedu linageuka mfupa kidogo kidogo. Baina ya mfupa na mfupa hubaki kipande cha gegedu kinachozalisha mfupa pande zote mbili kwa wakati mmoja. Wataalamu wanakiita sinkondrosi. Ni ndugu wa magegedu yanayorefusha mifupa ya miguu, ila haya ya kichwani yanazaa pande zote mbili.

Sinkondrosi hizo hazifungi pamoja. Iliyo ndani ya mfupa wa sifenoidi, ule wenye sela, hufunga karibu na kuzaliwa. Iliyo mbele yake hunyamaza mtoto akiwa na miaka 6 au 7 hivi. Zinazozunguka tundu kuu hufunga kwa zamu katika miaka ya utoto. Ya mwisho, iliyo kati ya sifenoidi na mfupa wa kisogo, inangoja balehe: kwa wasichana wengi kati ya miaka 11 na 15, na wavulana wanachelewa kwa miaka kama miwili.

Sasa tazama maana yake. Mtoto wa miaka 6 ana ubongo uliokwisha kufika zaidi ya asilimia 90 ya ukubwa wa mtu mzima, na sehemu ya mbele ya sakafu inakwenda na ubongo huo, kwa hiyo nayo imekaribia kumaliza. Sehemu ya nyuma, kutoka sela hadi tundu kuu, inaendelea kurefuka taratibu hadi ujana, pamoja na mwili mwingine. Wanafunzi huwa nawaambia: mbele inakwenda na ubongo, nyuma inakwenda na miguu. Si sheria iliyonyooka kama rula, lakini ukiishika hutapotea. Mtoto mmoja, fuvu moja, saa mbili zinazokwenda kwa mwendo tofauti.

Kwa nini mtu akae kupima milimita za ndani ya kichwa?

Kwa sababu kuna magonjwa ambayo milimita hizo ndizo ugonjwa wenyewe.

Mfano ninaouchukulia kwa uzito kuliko yote ni akondroplasia, hali inayomfanya mtu awe na kimo kifupi, mikono na miguu mifupi, paji la uso lililotokeza na daraja la pua lililobonyea. Mwaka 1994 ilijulikana kwamba inatokana na badiliko kwenye jeni iitwayo FGFR3, inayopunguza kasi ya gegedu kugeuka mfupa. Paa la fuvu halitumii gegedu, kwa hiyo linakua vizuri. Sakafu inatumia, kwa hiyo inabaki fupi. Tundu kuu nalo linabaki dogo, na linaweza kuubana ubongo pale pale unaposhuka shingoni, penye vituo vinavyoamuru kupumua. Mtoto mchanga wa namna hii anaweza kukata pumzi usingizini. Kwake, picha ya kulipima tundu kuu si utafiti, ni tiba. Akikoroma sana, akisitasita kupumua, akiwa mlegevu kuliko watoto wenzake wenye hali kama yake, aonwe mapema.

Na niseme hili kwa sababu nimeona ndoa zikitikisika kwenye benchi langu: takriban watoto 8 kati ya 10 wenye akondroplasia wana wazazi wa kimo cha kawaida. Badiliko limetokea lenyewe. Hakuna cha ukoo wa mama wala mkosi.

Sababu nyingine ni mishono ya fuvu, yaani maungio ya mifupa ya paa, inayofunga kabla ya wakati, ambapo daktari wa upasuaji anahitaji vipimo kabla na baada. Meno na mataya yasiyokutana, ambapo daktari wa meno anataka kujua kama kasoro iko kwenye taya au kwenye sakafu ambayo taya limening'inia. Na upungufu wa homoni ya tezi ya shingo, ambao unachelewesha mifupa yote. Pia kuna sehemu ya chini ya ubongo mdogo, ule wa kisogoni, kushuka kupitia tundu kuu. Ikishuka zaidi ya milimita 5 chini ya mstari wa tundu hilo, madaktari wanaanza kuuliza maswali mazito.

Mnapima nini hasa? Mnatumia utepe?

Utepe ni wa nje, wa kliniki ya watoto. Sisi tunaweka alama kwenye picha na kompyuta inahesabu.

Alama za msingi ni tatu, zote ziko kwenye mstari wa katikati ya kichwa. Nasioni ni pale mfupa wa pua unapokutana na paji la uso. Weka kidole kwenye kibonde kilicho juu ya pua, uko karibu nayo. Sela ni katikati ya kile kishimo cha pituitari. Basioni ni ukingo wa mbele wa tundu kuu. Kutoka nasioni hadi sela ni urefu wa sakafu ya mbele, ambao kwa mtu mzima ni sentimita 7 hivi. Kutoka sela hadi basioni ni sakafu ya nyuma. Mistari hiyo miwili inakutana kwenye sela na kufanya pembe, ambayo kwa watu wazima inazunguka nyuzi 130. Pembe ikiwa kali mno au imefunguka mno, uso nao unasogea mbele au nyuma.

Tundu kuu linapimwa peke yake, mbele hadi nyuma na kushoto hadi kulia. La mtu mzima ni kama milimita 35 kwa 30.

Kuna mtego mmoja ambao vitabu vinauwekea mstari lakini wanafunzi wanaupita. Nasioni haikai ndani ya sakafu, iko nje, usoni. Baada ya miaka 7, sakafu ya mbele ikiwa imeshatulia, nasioni inaendelea kusogea mbele kwa sababu mfupa wa paji unanenepa na uwazi wa hewa ndani yake unapanuka. Kwa hiyo ukimpima kijana wa miaka 14 na kukuta "sakafu ya mbele" imeongezeka, sehemu ya ongezeko hilo ni paji la uso tu. Anayetaka sakafu tupu atumie alama za ndani.

Eksirei, CT au MRI: ipi ni bora?

Inategemea unauliza nini. Hili si jibu la kukwepa.

Eksirei ya kichwa cha ubavuni ndiyo kongwe. Mwaka 1931, Broadbent kule Cleveland, Marekani, na Hofrath kule Ujerumani walitoa, kila mmoja kivyake, mbinu ya kukishika kichwa kwa kifaa maalumu ili picha ya leo na ya mwakani zipigwe kwa mkao ule ule. Mpaka leo madaktari wa meno wanaitumia. Mionzi yake ni midogo sana. Ubaya wake ni kwamba kila kitu kimelaliana juu ya kingine, sikio la kushoto juu ya la kulia, na picha inatoka kubwa kidogo kuliko kichwa chenyewe. Usiposahihisha ukuzaji huo, unapima kivuli.

CT inakikata kichwa vipande vyembamba kwa picha za eksirei. Mgonjwa wa kwanza alipigwa London mwaka 1971 kwa mashine ya mhandisi Hounsfield. Mwaka 1979 Hounsfield alipewa Tuzo ya Nobel pamoja na Cormack, mzaliwa wa Johannesburg, ambaye alishafanya hesabu zake kabla. Huwa napenda kulitaja hilo la Johannesburg kwa wanafunzi wanaodhani kila kitu kimeanzia ng'ambo. Kwa mfupa, CT haina mpinzani: unaona sinkondrosi kama ufa mweusi kati ya mifupa miwili myeupe, na unaweza kusema imefunga nusu, robo, au imebaki kovu.

MRI ni mashine ya sumaku, haitumii mionzi hata kidogo na inaonyesha ubongo wenyewe ukibanwa. Kwa mtoto mwenye akondroplasia ndiyo ninayoitamani. Lakini inachukua dakika nyingi, ina kelele kama mashine ya kusaga iliyolegea, na mtoto wa miaka 3 hatulii humo bila dawa ya usingizi.

Mionzi haitamdhuru mtoto?

CT moja ya kichwa cha mtoto, ikipangwa vizuri, ni milisiveti 2 hivi. Kila binadamu, kwa wastani wa dunia, hupata takriban milisiveti 2.4 kwa mwaka kutoka kwenye udongo, hewa, chakula na anga bila kukanyaga hospitali. Sisi wa Mbeya, tukiwa kama mita 1,700 juu ya bahari, tunapata mionzi ya anga zaidi kidogo kuliko ndugu zetu wa Dar es Salaam. Eksirei ya kichwa ya daktari wa meno ni chini ya 0.01.

Usilale kwa hesabu hizo ukadhani ni mchezo. Utafiti mkubwa uliotolewa Uingereza mwaka 2012 ulionyesha kwamba watoto waliopigwa CT walikuwa na ongezeko dogo la saratani ya damu na uvimbe wa ubongo, na kadiri mionzi ilivyozidi ndivyo hatari ilivyozidi. Ilibaki kuwa nadra, lakini haikuwa sifuri. Mtoto ana seli zinazogawanyika kwa kasi, na ana miaka mingi mbele yake.

Kwa hiyo msimamo wangu ni huu, na kuna wakubwa wangu ambao hawaupendi: CT haipigwi kwa ajili ya kupima sakafu ya fuvu tu. Inapigwa kwa sababu mtoto ana tatizo ambalo jibu lake litabadilisha matibabu. Vipimo tunavichukua humo humo. Mzazi ana haki ya kuuliza, "Picha hii ikitoka, mtafanya nini tofauti?" Asipojibiwa, asiharakishe kukubali. Mashine zenyewe zinasimamiwa na Tume ya Nguvu za Atomiki chini ya sheria ya mwaka 2003, lakini tume haiwezi kusimama mlangoni kwangu kila asubuhi.

Kichwa cha mwanangu kinaongezeka haraka mno. Nije mnipimie sakafu?

Hapana mama, nenda kliniki leo na utepe ndio uanze. Miezi 3 ya kwanza kichwa huongezeka kama sentimita 2 kwa mwezi, miezi 3 inayofuata sentimita 1, kisha nusu sentimita hadi mwaka. Kikikimbia kupita hapo, utosi ukitutumka mtoto akiwa ametulia, macho yakielekea chini kama jua linalozama, akitapika, huo unaweza kuwa maji kujaa kichwani. Utosi ukiwa bado wazi, altrasaundi inapita hapo hapo, haina mionzi, inachukua dakika chache. Usisubiri foleni ya CT, na usipotezewe wiki mbili kwa dawa za kupaka utosini.

Huku kwetu udumavu ni mwingi. Je, kichwa nacho kinadumaa?

Aliniuliza mwalimu mmoja wa Kilolo, na nimelifikiria sana tangu siku hiyo.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto chini ya miaka 5 waliodumaa nchini ni asilimia 30. Iringa ilikuwa 56.9, Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa inayolisha nchi. Mwili unapokosa chakula cha kutosha au chenye mchanganyiko, unajitahidi kuulinda ubongo kwanza. Miguu inalipa deni. Ukirudi kwenye ile kanuni ya mbele na nyuma, utaona swali zuri linalojitokeza: kwa mtoto aliyedumaa, sehemu ya mbele ya sakafu ingetegemewa kuathirika kidogo kuliko ya nyuma. Natamani kuona mtu akilipima jambo hilo hapa hapa, kwa uangalifu, kwa watoto ambao tayari wana picha.

La pili ni madini joto. Wazee wa huku wanalikumbuka rovu, shingo zilizovimba kijiji kizima, kabla ya chumvi yenye madini joto kuenea miaka ya 1990. Mtoto aliyekosa homoni ya tezi tangu tumboni, utosi wake unachelewa kufunga, mifupa yake inachelewa, na sinkondrosi zake zinaendelea kuwa wazi umri ukiwa umepita. Siku hizi ninapoiona sinkondrosi iliyo wazi kwa kijana mkubwa, jambo la kwanza ninaloshauri ni damu ipimwe tezi. Chumvi ya mawe ya kununua kwa debe bado ipo sokoni.

Mtoto wa Mbeya analinganishwa na nani?

Hapo umegusa kidonda. Viwango vinavyotumika sana vimetokana na watoto wa Ulaya na Marekani. Vya Bolton, kwa mfano, ni vya watoto wa Cleveland waliopigwa picha mwaka baada ya mwaka tangu karne iliyopita. Nani leo angeruhusu watoto wazima wapigwe picha kila mwaka kwa udadisi? Hatuwezi kurudia, na hatupaswi.

Njia iliyobaki ni picha zilizopigwa kwa sababu nyingine zikatoka salama. Mtoto ameanguka kutoka kwenye mparachichi, au amerushwa na bodaboda. CT imepigwa kwa hofu ya damu kuvuja, haikukutwa kitu, ameruhusiwa nyumbani. Picha yake ya fuvu zima imebaki kwenye kompyuta. Ukizikusanya mia kadhaa, kwa umri na jinsia, unaanza kuwa na kipimo cha watoto wetu. Kasoro yake ni kwamba wavulana wanaopanda miti watakuwa wengi.

Mimi ni mwanafunzi. Nahitaji programu ya gharama?

Hapana. 3D Slicer ni ya bure na inatosha. Unachohitaji ni vipande vyembamba, milimita 1 au pungufu, vilivyoandaliwa kwa ajili ya mfupa. Tarehe ya kuzaliwa iliyotoka kwenye kadi ya kliniki au cheti, si "alizaliwa wakati wa mavuno". Na kibali cha maadili kabla ya kufungua faili hata moja. Majina yafutwe. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, na fuvu lililotengenezwa kwa pande tatu linaweza kuvishwa ngozi na programu likafanana na mwenyewe. Wengi hawalifikirii hilo.

Vipimo vyenu vina uhakika gani?

Nitakujibu kwa aibu yangu mwenyewe. Miaka ya mwanzo kazini, mahali ambapo sitapataja, nilipewa picha mbili za msichana mmoja zilizopishana miezi 8. Nikaweka alama, nikachora mistari, nikaandika ripoti: sakafu ya nyuma imepungua milimita 3. Daktari aliisoma, akanitazama juu ya miwani, akauliza, "Huyu binti anarudi tumboni?"

Fuvu la mtoto halipungui. Nilikaa usiku mbili nikitafuta kosa. Picha ya kwanza ilikuwa ya vipande vya milimita 5, ya pili milimita 1. Kwenye ile ya kwanza, ncha ya basioni ilikuwa imemezwa ndani ya kipande kinene, ikaonekana ukungu, nami nikaiweka alama chini kuliko ilipo. Juu ya hapo, kichwa kilikuwa kimeinama bega la kushoto na sikukinyoosha kwenye kompyuta kabla ya kupima, kwa hiyo mstari wangu "wa katikati" ulikuwa unapita pembeni.

Tangu hapo nina kawaida tatu. Nanyoosha kichwa kwanza, mpaka masikio mawili yako sawa na pua iko katikati. Napima zote, naziacha wiki mbili, napima tena bila kuangalia namba za mwanzo. Kisha natafuta kosa langu kwa kanuni ya Dahlberg, ya tangu mwaka 1940, hesabu ambayo unaweza kuifanya kwa kalamu. Sakafu ya nyuma ya mtoto wa shule inarefuka milimita moja hivi kwa mwaka, pengine pungufu. Kama mkono wako unakosea milimita moja na nusu, basi unachokipima ni mkono wako.

Picha inaweza kutaja umri wa kweli wa mtoto?

Kwa kukadiria tu. Sinkondrosi ya mwisho ikiwa wazi kabisa, huenda hajamaliza balehe. Ikiwa imefunga, ameshaipita au yuko ukingoni. Haitaji mwaka. Kwa wachezaji wa chini ya miaka 17, FIFA tangu 2009 inatumia MRI ya kifundo cha mkono, si kichwa. Viongozi wa timu za vijana wasije kwangu.

Kumbeba mgongoni kunaharibu umbo la sakafu?

La. Kinachobonyea kwa kulala upande mmoja ni paa, na mara nyingi kinarudi mtoto akianza kukaa. Mgongoni ni pazuri. Hapo kisogo hakigusi godoro.

Siku ya picha tuje vipi?

Uliza kwanza kama atapewa dawa ya usingizi, kwa sababu maagizo yanapingana. Akipewa, maji matupu yakome muda wa saa 2 kabla ya dawa, ziwa la mama muda wa saa 4, uji na maziwa ya ng'ombe muda wa saa 6. Kama ni mchanga wa miezi michache na hapewi dawa, tunafanya kinyume: aje na njaa, anyonye hapa hapa ashibe, tumfunge kwa kanga mbili vizuri, alale. Wengi hawashtuki hadi mwisho.

Nywele zifumuliwe. Rasta zenye shanga na vibanio vya chuma vinatoa miale meupe inayokata picha. Heleni zitoke. Kwa MRI, chuma chochote ni hatari, si usumbufu tu.

Na hirizi. Alikuja bibi mmoja kutoka pande za Rungwe na mjukuu wa miaka 4, uzi mweusi shingoni. Kwenye picha ya kutafutia mkao ikaonekana duara nyeupe safi chini ya kidevu: sarafu, imeshonewa ndani ya kitambaa, imekaa sawasawa na tundu kuu. Nikatoka.

"Bibi, shikamoo."

"Marahaba, mwanangu. Mmemaliza?"

"Bado bibi. Kuna kitu shingoni kinaziba."

"Hicho hakitoki. Alimfunga marehemu babu yake."

"Hakitoki kabisa, bibi. Kinahamia mkononi mwako dakika tano, kisha unamfunga wewe mwenyewe."

Akanitazama, akaufungua uzi kwa meno, akakaa nje ya mlango na ngumi imefumbwa mpaka taa nyekundu ilipozima. Picha ilitoka nzuri.

Nimekutumia filamu kwa WhatsApp. Nipimie basi.

Naziona, kila wiki. Filamu imeinuliwa dirishani, kidole gumba kimeziba kona yenye jina na tarehe, nyuma yake unaonekana mnara wa simu na mgongo wa mlima Loleza. Picha ya namna hiyo haina skeli. Simu imeinama, filamu imepinda, hakuna anayejua milimita moja ni sehemu gani ya kioo. Naweza kukuambia fuvu lipo.

Omba CD pale ulipopigiwa, ni haki yako, na uhakikishe imefunguka kabla hujaondoka dirishani. Ije na kadi ya kliniki yenye tarehe ya kuzaliwa na vipimo vya utepe vya tangu mwanzo. Na kama kuna filamu ya zamani iliyolazwa chini ya godoro, nayo ije, hata ikiwa imejikunja. Tutatafuta picha yake kwa namba iliyoandikwa kwenye kona ile uliyoiziba kwa kidole.